Harufu ya Machicha

Islay, Jumapili baada ya ibada

Dada yangu Ishbel,

Nakusalimu wewe na shemeji huko Oban. Goti linaendeleaje na baridi hii? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia.

Barua iliyopita nilikuomba unitandikie kitanda bila kukwambia sababu. Sababu ni mume wangu. Unajua Torquil alivyoapa mbele ya mchungaji kwamba hatagusa wiski tena wala kukanyaga lango la kiwanda kinachoipika, nami nikamwambia siku akilikanyaga ananikosa. Sasa tangu Pasaka nikawa nakuta machicha ya shayiri kwenye mapindo ya suruali yake. Machicha kiwanda kinawapa wenye ng'ombe, na sisi hata mbuzi hatuna. Nilipomuuliza akasema labda ni upepo. Upepo gani huo unaochagua suruali?

Nikawa namnusa kila akiingia mlangoni, kama mbwa wa forodha. Pombe sikuipata, nilipata harufu tamu ya shayiri iliyopikwa, nikajua tu anaficha kitu. Halafu Peigi, yule mjane mwokaji mikate, akawa ananichekea kila tukikutana. Hilo nalo likaniuma.

Alhamisi nikamfuata. Alitoka langoni mwa kiwanda na ndoo inayofuka mvuke, moja kwa moja hadi kwa Peigi. Nikaingia bila hodi. Kumbe wanayakausha machicha kwenye tanuri, wanayasaga, wanachanganya na unga. Mkate wa Peigi ninaousifu tangu Pasaka ni chakula cha ng'ombe. Peigi akanitania kwamba anashangaa bado sijatoa maziwa. Sikucheka.

Torquil akaapa kwamba hamna hata tone la pombe, machicha hutolewa kabla ya kuchachusha. Hayo nayajua, nimezaliwa hapa. Nikamuuliza basi alinificha nini. Akakiri kwamba kunywa ameacha kweli, ila harufu ya kiwanda imemshinda kuiacha. Alikuwa akienda kusimama langoni ainuse tu, hadi Peigi alipomkuta, akamwambia bora aje aioke. Alilia mikono imejaa unga, nami nikalia.

Nimemwamini, dada. Lakini leo asubuhi niliunusa mkate kabla ya kuukata, naye akaniona. Akanisogezea siagi.

Nisalimie shemeji na watoto, na goti ulifunike vizuri. Kile kitanda usikitandue bado.

Mdogo wako akupendaye,
Una