Ulimi Niliomkatia Mzee Nassoro

Jumanne. Manyunyu tangu adhuhuri, na miguu yangu imevimba tena hadi kandambili hazinienei. Nimekaa barazani na simu hii mkononi. Mejumaa amekwenda kusukwa nywele kwa jirani, na kwa jinsi wanawake wale wanavyopenda maongezi, hatarudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina muda wa kusema ukweli.

Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, kisha nikaliandika tena. Mtu wa umri wangu, mwalimu mstaafu, ambaye daktari amekwisha kumweleza kwa upole kwamba moyo umechoka na dawa zilizobaki ni za kumpunguzia taabu tu, alipaswa kuwa anashughulika na toba. Mimi nashughulika na mpiga nzumari wa kijiji cha Munje.

Wachache mnaosoma ukurasa huu mnamjua Mejumaa, mjukuu wangu. Ndiye aliyenifungulia ukurasa wenyewe, ili nisiwe nazungumza na kuku. Anasoma Ulaya, katika chuo cha muziki, shahada ya uzamili. Ala yake ni obo, filimbi ya Kizungu ambayo ukiitazama unaona wazi kuwa ni jamaa ya nzumari yetu: mdomo mwembamba, sauti ya puani, na mpigaji anayebadilika rangi ya uso. Ili amalize masomo, lazima apige mbele ya watahini, na sehemu ya mtihani huo ni rekodi ya bingwa wa nzumari wa huku kwetu, ambaye yeye atamjibu kwa obo. Profesa wake ataisikiliza pumzi kwa pumzi. Rekodi itafanyika kesho asubuhi. Keshokutwa anapanda ndege.

Bingwa aliyemchagua ni Mzee Nassoro.

Si mimi, niliyemkalisha kwenye baraza hii hii akiwa bado hana meno ya mbele, nikamfundisha kupuliza bila kukata sauti, hewa moja ikiingia puani huku nyingine ikisukumwa na mashavu. Tulitumia kikonyo cha jani la mpapai na bilauri ya maji. Sharti lilikuwa moja, viputo visikatike. Anasema kule chuoni wenzake walihangaika na jambo hilo muhula mzima, na yeye alilifanya siku ya kwanza, mpaka profesa akamwuliza amelipata wapi. "Nikamwambia, kwa babu yangu," aliniambia kwenye simu. Siku ile nilitembea hadi msikitini kama bwana harusi.

Sasa tangu arudi nasikia "profesa wangu anasema" asubuhi, na "Mzee Nassoro anasema" jioni. Babu hasemi kitu. Babu anaulizwa kama amemeza vidonge.

Nassoro ni rika langu. Kwa miaka mingi alipiga nzumari katika hoteli za Diani, amevalishwa sketi ya majani ambayo hakuna Mdigo aliyewahi kuivaa, watalii wakimpiga picha. Mimi, katika chumba cha walimu, nilikuwa nikisema kwamba ameiuza ngoma yetu. Nilisema kwa ufasaha, na wenzangu walitikisa vichwa. Lakini hasa haikuwa sketi iliyoniuma. Tuliwahi kualikwa sote wawili kwenye harusi moja ya Kombani, tukapokezana. Zamu yangu ilipofika, watu walicheza kwa adabu. Zamu yake ilipofika, wanawake waliokuwa wakipika walitoka jikoni na miko mikononi.

Ile miko bado naiona.

Na hadi leo ana pumzi. Mimi kufunga vifungo vya kanzu kunanitosha kuwa mazoezi ya siku. Kitu kimoja tu hana Nassoro, nacho ni mikono. Vidole vinamtetemeka, hawezi tena kukata ulimi, kile kipande cha jani kavu kinachoingia kinywani na kuitoa sauti.

Juzi Mejumaa alirudi kutoka Munje, akaniamkia, akaketi miguuni pangu.

"Babu, ulimi wa Mzee Nassoro umepasuka. Anasema pwani hii ya kusini anayejua kukata umebaki wewe."

"Amesema hivyo?"

"Amesema, mwambie mwalimu aninyime yote, ulimi asininyime."

"Na mimi leo nimkatie mtu wa hoteli?"

Akacheka. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu kwa utani, na utani huo hatujauacha hata na shahada zake.

"Mume wangu," akasema, "naona umenuna kwa sababu kila siku nakwenda kwa mwanamume mwingine."

"Mwenye meno mawili."

"Kwani wewe unayo mangapi?"

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Alinipapasa mgongo hadi kikatulia, bila kujua kwamba alikuwa amesema kweli tupu.

Ulimi ni kazi ndogo. Unakunja jani kavu la mvumo, mti wa jamii ya mnazi, unalikwangua kwa kisu mpaka linakaribia kupitisha mwanga, unalifunga uzi. Ukilikwangua mno, nzumari inalia kama mbuzi. Ukiliacha nene, linamnyonya mpigaji pumzi. Kijana ataumudu ulimi kama huo, lakini mzee ataanza vizuri, kisha sauti imkatikie njiani. Kwa macho huwezi kuutofautisha mwema na mbaya.

Leo asubuhi nilikata ndimi mbili. Mmoja niliumaliza. Wa pili niliuacha kabla haujafika, na nilijua ninachofanya.

Ule mnene nikautia katika kiberiti kitupu, nikampa Mejumaa.

Kuna desturi ambayo nilitumaini ingepita kimya. Ulimi hautoki nyumbani kwa aliyeukata kabla haujalia. Mwenyewe huulowesha kinywani, akaupuliza watu wakisikia. Kwa kuwa mimi sina tena cha kupulizia, nilimwambia auchukue tu.

"La, Babu. Uliniambia wewe mwenyewe hautoki kimya."

Akaupachika kwenye nzumari yangu ya zamani, akapuliza. Sauti ikatoka, ikapita juu ya mapaa, mtoto wa jirani akaanza kulia. Mejumaa hakuikata. Mashavu yalijaa, pua ikavuta, sauti ikaendelea, na macho yake yalinitazama yakicheka.

Hapo nilimwonea wivu hata yeye. Acha niliandike na hilo. Mtoto niliyemlea, nikayatamani mapafu yake.

"Mzito kidogo," akasema, akifuta midomo.

"Ukilowa utalegea."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Haulegei. Ulimi mnene ukilowa huzidi kuvimba.

Tangu wakati huo nimekaa hapa nikimwona Nassoro kesho. Atavuta pumzi, ataanza, na sauti itamkatikia. Nilidhani picha hiyo ingenipendeza, na kwa kweli ilinipendeza kwa muda. Kisha nikaona kwamba ndani yake yumo pia binti aliyeshika kinasa sauti, hana siku nyingine ya kurekodi, na watahini wanamngojea. Nikamwona na Nassoro mwenyewe akiitoa nzumari mdomoni. Hatasema ulimi ni mbovu. Atasema ni uzee wake.

Ataniamini. Hilo ndilo nimeshindwa kulimeza.

Ningeubadilisha kimyakimya, lakini kiberiti kimo mkobani mwake na mkoba ameondoka nao. Na akirudi sitaweza kumwambia usoni. Ataniita mume wangu, nami nitacheka, na maneno yatarudi yalikotoka. Ila kila asubuhi, akinywa chai, huusoma ukurasa huu ili anirekebishie herufi nilizokosea. Wengine mniwie radhi, yanayofuata ni yake.

Mejumaa, ulimi ulio ndani ya kiberiti ni mbaya, nami niliufanya mbaya kwa makusudi. Mwema umo katika kikombe changu cha dawa, juu ya kabati, una uzi mwekundu. Mikono yangu inaniambia ni mwema, lakini mikono si kinywa, kwa hiyo uupulize hapa barazani kabla hujatoka, nami nisikie. Ukitaka kuninunia, ninunie, lakini usichelewe Munje.

Mpe Mzee Nassoro salamu zangu. Mwambie siku ya kusikia nafuu nitapanda gari nije kumwomba radhi, na nafuu isipokuja, msomee haya.

Na akipiga vizuri, maana najua atapiga vizuri, usiniletee rekodi kesho. Niachie siku moja ya kununa. Keshokutwa, kabla hujaondoka kwenda uwanja wa ndege, keti hapa chini, uniwekee simu sikioni.

Wivu utakuwa bado haujaisha. Lakini nitataka kuusikia ulimi wangu ukilia.