Doa Jekundu la Madam

Jumapili, 2 Februari

Mwezi mzima tangu dada yangu Dorine amchukue Maxine. Chumba kimoja na jiko nyuma ya pazia, na bado naona nyumba ni kubwa! Kanisani mama mchungaji aliniuliza mtoto yuko wapi. Nikasema ameenda kwa mamake, Ruiru. Akasema Bwana asifiwe. Na kweli asifiwe. Dorine amerudi salama kutoka Saudia, miaka minne ya kuosha nyumba za watu, ana haki na mtoto wake. Nani amesema hana? Mimi sijasema. Naandika tu hapa.

Nilichoachiwa ni beseni. La plastiki, kifuniko nilikitoboa kwa msumari wa moto. Ndani mna udongo, majani makavu ya avocado, ganda la mti wa mukima, na gololi wa Maxine. Ndivyo anavyowaita wale viumbe wa kijivu wa chini ya mawe, ukiwagusa wanajikunja duara. Tuliwaokota Desemba nyuma ya tangi la maji linalovuja, hapa Kiganjo. Dorine alisema hafugi wadudu kwa nyumba ya kupanga. Maxine akamjibu kwamba si wadudu, wana miguu kumi na minne, ni ndugu za kaa. Dorine aliniangalia mimi, kana kwamba ndimi niliyemharibu.

Kabla ya kuondoka mtoto alimpaka mmoja cutex nyekundu ya kucha mgongoni. Huyo ni Madam, mkubwa kuliko wote, anatembea kama mwalimu wake wa darasa. Akaniambia, "Usimpoteze."

Jumatano, 5 Februari

Mwas, jirani anayetengeneza simu, amepata jibu. Alikuwa ametuma picha za gololi wetu kwa kikundi cha watu wanaofuga vitu hivi. Kumbe wapo! Wazungu, Wahindi, hata mtu wa Nakuru. Walitaka picha ya tumbo, picha ya mkia, na hesabu ya miguu. Sasa wanasema tuna aina mbili. Wale bapa wanaokimbia wanajulikana, wako dunia nzima. Wale wanaojikunja ukoo wao unajulikana, lakini jina lao wenyewe huenda hakuna mtu amewahi kuwapa.

Nimewaza hilo siku nzima kwenye mkanda wa kiwanda, nikichambua makadamia, mbovu huku, nzima huku. Kwetu Bungoma dadake mama ni mama, basi, hakuna mjadala. Maxine ameniita Mama tangu ana miaka minne. Jana kwa simu ameniita Aunty. Nilisikia Dorine nyuma yake akimkumbusha.

Jumamosi, 15 Februari

Hofu leo! Gololi mmoja nusu ya nyuma imekuwa nyeupe kama chaki. Nikadhani ni ugonjwa, nikapiga simu Ruiru hata kabla ya chai. Maxine alicheka mpaka akakohoa. Anabadilisha ngozi, akasema. Wanaivua kwa zamu mbili, nyuma kwanza, mbele baadaye, na ile ya zamani wanaila. Nisimguse.

Kisha akaniuliza nimekula nini. Na kama bado nalala na taa. Nilitaka simu isikatike. Atakuja likizo ya mid-term, ameahidi.

Alhamisi, 27 Februari

Hakuja. Dorine amempeleka kununuliwa viatu na nguo. Nilikuwa nimeshapika kuku.

Jumanne, 18 Machi

Madam simwoni. Wiki mbili sasa nainua ganda, nainua majani, doa jekundu halipo. Wakubwa wako, wengi tu, wote kijivu. Atakuwa amejichimbia chini kwa sababu ya hili joto. Nimenyunyiza maji upande mmoja, upande mwingine nikauacha mkavu kama Maxine alivyonifundisha. Nimeweka kipande cha karoti na ganda la yai.

Lakini sisimizi wameanza. Mstari mzima, kutoka dirishani mpaka ndani ya beseni, wanabeba karoti. Kesho watabeba gololi! Mama yetu hakuwahi kupoteza maharagwe kwa dudu hata msimu mmoja, na dawa yake ilikuwa majivu. Nimeenda kwa Ngina anayechemsha githeri kwa kuni, amenipa kopo zima. Nimezungusha nje ya beseni. Halafu nikanyunyiza na juu ya udongo, kidogo, kama mama alivyofanya kwenye debe.

Sisimizi wameondoka. Akili ya kwetu bado inafanya kazi.

Jumatano, 19 Machi

Wamekufa.

Nimerudi kutoka kazini nikawakuta. Wengine mgongo chini, wengine wamejikunja na hawakujikunjua tena. Wakavu, wepesi kama maganda. Mwas amesoma kwenye simu yake: wanapumua kwa vitu kama vya samaki, lazima viwe na unyevu, na majivu yananyonya maji yote. Akaniuliza ni nani aliyeweka majivu. Nikamwambia arudi kwake.

Nililia kwa ajili ya vidudu. Mwanamke mzima. Si vidudu nilivyolilia.

Jumapili, 23 Machi

Sikuenda kanisani. Nimemwaga udongo kwenye gazeti, nikauchambua punje kwa punje, kazi ninayoijua. Kona moja, chini ya ganda, majivu hayakufika. Hapo kuna wadogo! Weupe, kama chembe za mchele uliovunjika. Mwas alikuja na kioo chake cha kukuzia nyaya za simu, tukahesabu miguu. Kumi na miwili. Nikadhani ni aina nyingine kabisa. Kumbe wachanga huanza na kumi na miwili, jozi ya mwisho huota baadaye. Mama yao huwabeba tumboni kwenye mfuko wa maji mpaka wawe tayari kutembea.

Mama yao ni nani, siwezi kujua. Nimewawekea udongo mpya.

Jioni Maxine amepiga. Kitu cha kwanza: Madam yuko sawa? Nikasema yuko sawa, ananenepa tu. Nilisema haraka hivyo.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imefika kweli. Shule zimefungwa. Dorine anasema Maxine anaweza kuja kwangu mpaka Pasaka — akitaka mwenyewe. Hatamsukuma, hatamzuia. Niende Ruiru wiki ijayo na tuone.

Akitaka mwenyewe. Nimeyarudia hayo maneno nikifua.

Nyuma ya tangi mawe yamejaa gololi. Nimeokota kiasi cha kufanya beseni lionekane halijalala njaa. Mmoja ni mkubwa hasa. Chupa ya cutex aliiacha kwenye dirisha. Nimengoja ajikunjue, nimempaka doa palepale Madam alipokuwa nalo.

Nimeliangalia. Lingenidanganya hata mimi.

Jumamosi, 12 Aprili. Ruiru

Naandika mezani kwa Dorine. Wametoka kununua maziwa na mkate. Nimeambiwa nipumzike.

Amerefuka. Amesukwa nywele. Aliniambia, "Habari, Aunty," akanipa mkono. Mkono! Halafu akaona beseni nililokumbatia, adabu zote zikaisha, akapiga magoti sakafuni. Mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari mlangoni, nimeuona kabla sijaona kiti. Dorine akasema mtoto ataamua baada ya chai.

Maxine aliinua ganda, akaona doa, akatabasamu. Alimchukua kiganjani. Akamgeuza. Lile tabasamu likaisha polepole. Mimi nikaanza kuongea kuhusu mvua.

"Huyu si Madam," akasema, kwa sauti ya chini. "Rangi inatoka wakibadilisha ngozi. Nilikuambia kwa simu. Nani amempaka huyu?"

Nilikuambia kwa simu. Na kweli aliniambia wanaivua ngozi na kuila! Kumbe wiki zile zote nikitafuta doa, Madam alikuwa palepale mbele yangu, kijivu kama wenzake. Mpaka nikamwaga majivu.

Dorine alikuwa anasema waende dukani kabla mvua haijaanza, anatafuta mwavuli. Maxine alimrudisha gololi chini ya ganda taratibu, akafunika, akapangusa mikono kwenye sketi. Mlangoni akageuka.

"Tukirudi uniambie ukweli, Mama. Ndio nijue kama tunaenda."

Dorine alikuwa anafunga kamba za viatu. Mkono wake ulisimama. Kisha akaendelea kufunga, hakuinua kichwa.

Nimefungua beseni tena. Natafuta wale wadogo nimwonyeshe Maxine, hajawaona bado, wale waliotoka humu humu mikononi mwangu na hakuna rangi juu yao. Wamejificha wote. Nainua jani moja moja. Mfuko wa nguo uko palepale mlangoni. Nasikia viatu kwenye ngazi, vya mkubwa na vya mdogo, na mdogo anakimbia —