Baba Alipopandishwa Daraja

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, Shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, hata kama uzima wenyewe kwa sasa ni wa kujikongoja. Miguu ya Mama inaendeleaje, bado inavimba jioni? Na je, ameanza kula mezani na wenzake, au bado anachukua sahani yake anakwenda kukaa nayo kitandani, upande aliokuwa akilala Baba? Mimi mwili hauna neno. Naamka, nakwenda kukagua lifti za watu, narudi. Usingizi tu ndio umenigomea.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Mara ya mwisho uliniuliza mimi na Baba tulizungumza nini kwenye ndege. Ulisema mwenzenu nilibahatika, nilikuwa naye safari nzima, ilhali ninyi mlimpokea maneno yameshamkauka. Nikakujibu kwamba mtandao unasumbua, sikusikii. Mtandao haukuwa na tatizo lolote, Dada. Nilikata mimi.

Unakumbuka jinsi madaktari wa huku walivyomaliza vipimo wakasema uvimbe umeshaingia kwenye uti wa mgongo, na kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Baba alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamshukuru kana kwamba amepewa barua ya likizo. Tulipobaki wawili akaniambia nimrudishe nyumbani, maana ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini. Daktari hakukataa, ila alitoa sharti moja, kwamba mgonjwa asikae wima kwa muda mrefu. Alale. Na safari yenyewe unaijua, ndege inapaa asubuhi na kutua jua limeshazama.

Hapo ndipo nilipozikumbuka maili zangu. Sijui kama niliwahi kukueleza vizuri mambo haya. Kila unaposafiri na shirika hili wanakuhesabia umbali uliokwenda, wanakuandikia maili, na zikiwa nyingi unaweza kuzitumia kuhama viti vya nyuma, ambako magoti yako yanamsumbua aliyekaa mbele yako, ukaenda daraja la biashara, ambako kiti kinajikunjua kikawa kitanda. Kwa kazi hii yangu ya leo mji huu kesho mji ule, nilikuwa nimezikusanya miaka na miaka bila kuzigusa. Zilitosha mtu mmoja. Na hata huyo mmoja hakuwa na uhakika, kwa sababu tiketi za bei ya chini kabisa hazipandishwi, na ukishalipia ya juu kidogo unaomba na kusubiri kama kule mbele kutabaki nafasi. Niliwapigia simu mpaka wakawa wananitambua kwa sauti.

Siku ya safari, pale kaunta, Baba akiwa kwenye kiti cha magurudumu na koti lake la kazini, binti wa shirika alitazama kompyuta yake akatuambia kwamba mzee amepandishwa daraja. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Baba alimwomba alirudie neno hilo. Unamjua karani wetu wa masjala, aliyeajiriwa na daraja lile na kustaafu nalo lile lile, akiwafundisha kazi vijana wanaokuja kuwa wakubwa wake. Alimwambia yule binti kwamba ameomba kupandishwa daraja maisha yake yote, kumbe barua alikuwa anazipeleka ofisi isiyohusika. Halafu akauliza, kwa kuwa hilo ni daraja la biashara, yeye huko mbele atakuwa anauza nini. Foleni nzima ilicheka.

Nikampigia Mama palepale, na kilichofuata unakijua kuliko mimi. Alisikia nusu, na nusu hiyo ndiyo aliyoitangaza mtaani, kwamba ofisi hatimaye imemkumbuka mzee na kumpandisha daraja akiwa mgonjwa. Wale wazee wenzake waliokuja msibani wakatupa pole na hongera kwa pumzi moja, hongera hiyo ilitokana na simu yangu. Najua umejaribu kumweleza Mama naye hataki kuelewa. Mwache tu.

Sasa nije kwenye picha. Ile uliyoitundika sebuleni, Baba amenyoosha miguu, blanketi kifuani, glasi ya juisi mkononi, na kila mgeni anaonyeshwa jinsi mtoto alivyomsafirisha baba yake kama mfalme. Picha ile sikuipiga mimi. Aliipiga mhudumu wa ndege, nilimpa simu yangu. Mimi nilikuwa nyuma. Kati ya mbele na nyuma wanafunga pazia, na wa nyuma haruhusiwi kuvuka kwenda kukaa huko. Nilikuwa nimekubali hivyo. Muhimu kwangu ni kwamba amelala.

Baada ya chakula nikaona pazia linasogea, anatoka yeye, anakuja kwa kushika kiti kimoja baada ya kingine. Jirani yangu palikuwa wazi, akaketi. Nilishtuka, nikamuuliza kama ameumia. Akasema hapana, kitanda ni kizuri, ila hakijui kuzungumza. Akaniambia kina kitufe cha kulalia na kitufe cha kuamkia, na kwamba amevibonyeza vyote akakosa wa kumsimulia. Tukacheka. Kisha akaniomba nimweleze tena hizo maili zinakusanywaje, kwa sababu pale hospitali hakuelewa.

Nikamweleza, tena kwa majivuno. Nilimweleza kwamba hata pakiwa na ndege ya moja kwa moja, mimi nilichagua ya kuzunguka kupitia mji mwingine, kwa sababu njia ikirefuka maili zinaongezeka. Nilimweleza kwamba miezi ya likizo, wenzangu wakienda kwao, mimi ndiye niliyejitolea kwa zile kazi za mbali zisizotakiwa na mtu. Nikamalizia kwa kumkumbusha alichotufundisha mwenyewe, kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Halafu akasema ni kweli, kibaba kimejaa, lakini aliyekuwa na njaa ni baba.

Alilisema kwa utani wake ule ule, bila ukali. Akaniambia kwamba kila mwezi wa likizo alikuwa anamwambia Mama aongeze sahani moja mezani kwa ajili ya Kiguu na Njia, jina alilonibandika, na kwamba sahani hiyo ilikuwa inarudi kabatini kama ilivyotoka. Hivyo akiwa amelala kule mbele alikuwa anajiuliza kitanda kile kimetengenezwa kwa kitu gani hasa, na sasa amejua. Ni zile likizo.

Dada, mtu mwenye akili angemshika mkono baba yake. Mimi nilichomwa na maneno yale nikapandwa na hasira. Nilimwambia nimehangaika kwa ajili ya kitanda kile na sasa kiko kitupu. Nikamkumbusha sharti la daktari kama ninayemsomea mashtaka. Yule mhudumu alipita, mtu mpole, akasema hakuna tatizo, siti iko wazi, mzee anaweza kupumzika hapo kidogo na mwanawe. Mimi ndiye niliyekataa. Baba aliniomba abaki japo mpaka vikombe vya chai vikusanywe. Nikakataa hilo pia, nikamwinua kwa kwapa.

Pale kwenye pazia aligeuka. Aliniambia kwamba mtumishi akishapandishwa daraja hawezi kukataa kituo kipya cha kazi. Akaingia, pazia likafungwa.

Hilo ndilo neno la mwisho alilozungumza nami. Tulipotua, sisi wa nyuma tulizuiwa mpaka wa mbele washuke. Nilipomfikia mlangoni alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti cha magurudumu, macho yake yananitazama, na ulimi umegoma. Zile siku chache zilizobaki mlikuwa naye wenyewe, mliona. Sijui kama nisingemwinua pale angeweza kuongea mpaka nyumbani. Huenda yangekuwa yale yale. Ila angekuwa amekaa na mtu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ndilo hilo. Watu wananisifu kwamba nilimpa baba kitanda, na ni kweli nilimpa. Alichoomba kilikuwa kiti.

Juzi nilikuwa juu ya jengo moja, kwenye kile chumba kidogo chenye mota ya lifti, ujumbe wa shirika ukaingia kwenye simu. Ile safari ya kumrudisha Baba nyumbani, pamoja na ya kurudi kutoka kumzika, imekamilisha hesabu yao ya umbali niliosafiri, ambayo haipungui hata ukitumia maili. Wananipongeza. Wanasema nimepandishwa daraja, sasa mimi ni mwanachama wa juu kabisa. Nilikaa juu ya sanduku la vifaa nikalia, huku chini watu wanabonyeza kitufe wakishangaa lifti haiji.

Uniwie radhi, Dada. Mama usimwambie mpaka utakapoona mwenyewe inafaa, na picha fanya utakavyoamua, sitauliza. Nimeomba likizo yote ninayodai na nimeshakata tiketi ya moja kwa moja, ya bei ya chini kabisa, ile isiyopandishwa hata ukiwapigia magoti. Nakuja mwezi ujao kukaa na Mama. Mwambie aongeze sahani moja mezani, na safari hii isirudi kabatini.

Nisalimie Shemeji, nipigie watoto busu, na Mama mshikie miguu yake kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,

Kiguu na Njia