Kompyuta Isiyojua Bado

Kinondoni, Dar es Salaam
Ijumaa mchana

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua kwa umbali huu sitasikia ukiitikia, lakini naitoa hivyo hivyo na natega sikio. Goti linaendeleaje? Mama mdogo ameniandikia kwamba mvua zilipoanza lilikusumbua, na kwamba hata hivyo ulipanda jukwaani kupiga plasta msikiti. Mimi ni mzima wa mwili.

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza hukuzijibu, na sababu naijua: niliondoka bila radhi yako. Niliacha nafasi ya ualimu uliyonitafutia mwenyewe, nikafuata kompyuta ambazo ulisema hazitanijengea hata banda la kuku. Basi leo nakuletea habari za ujenzi, labda utasoma mpaka chini.

Niko kwa mkandarasi mmoja hapa Kinondoni. Tangu biashara zilipofunguliwa, kila mwenye mali anataka ghala Kurasini, karibu na bandari, na daftari zetu zimeelemewa. Injinia, mkuu wetu, ameletewa programu mbili azijaribu kabla ya kununua. Moja inatunza ratiba ya kazi, nyingine inatunza stoo. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe: ile ya stoo huiuliza ya ratiba, msingi umekwisha? Ukuta je? Kwa jibu inalopewa huamua saruji iende wapi. Kazi yangu ni kuyaandika maswali hayo kitabuni kwa Kiswahili, moja moja, lipi linaulizwaje na linajibiwaje, kuyajaribu, kisha kusema kama programu hizo zinafaa.

Ni kazi ya kimya, Baba. Herufi za kijani zinajitokeza kwenye kioo cheusi, nami kwa tabia yangu ile uliyokuwa ukiiita kulala macho wazi, huondoka. Umeme ukikatika ndiyo kabisa. Nauona uso wangu kwenye kioo, na nyuma yake ukuta wa nyumba ya shangazi, wewe juu ya jukwaa, mimi chini nimeshika uzi wa timazi usiyumbe, ukuta usimame wima. Hata harufu ya chokaa mbichi naisikia. Mtu akipita akiuliza, "Vipi sista, umeme haujarudi tu?" inanichukua muda kukumbuka niko wapi.

Siku niliyoandika ukurasa wa kumi na mbili kwa mawazo nilikuwa huko huko nyumbani. Swali la ukurasa huo ni fupi: kazi imekwisha? Nikajaribu kujibu ndiyo, ikaenda sawa. Nikajaribu hapana, ikaenda sawa. Nikaandika kwamba programu hizi zinasikilizana vizuri, nikatia sahihi yangu.

Sasa yupo Mzee Mwinyi, fomeni wetu wa Kurasini, Mzaramo wa Temeke, umri wako kabisa. Kila jioni hutuletea karatasi ya hali ya kazi kwa dereva wa lori, nami naiingiza kwenye kompyuta. Mbele ya jamvi, ile sakafu ya zege, alikuwa akiandika neno moja: bado. Ataandikaje hapana, na watu wake wako kazini jasho linawatoka? Mimi nikawa napiga herufi B, na programu ya ratiba ikaipokea bila kelele.

Jumatano akaja ofisini mwenyewe, zege limemkaukia kwenye kandambili.

"Binti, hivi hili dude lenu lina ugomvi na mie?"

"Shikamoo, mzee. Kwani kuna nini?"

"Marahaba. Saruji toka juzi hamna. Sie kule tunaota jua tu, vijana washachimba bao chini. Halafu naambiwa nimemaliza! Nimemaliza wapi?"

Kumbe Injinia alikuwa ameshaamua. Karatasi ya kompyuta inasema jamvi limekwisha, mzee anaomba saruji. Basi mzee ana lake jambo, labda saruji anaiuza. Jumatatu mtu mwingine angeshika nafasi yake. Nikakaa, nikapiga B, nikaiacha stoo iulize. Jibu likaja: imekwisha, saruji haihitajiki. Programu ya stoo ilijua hapana tu. Chochote kingine iliita ndiyo. Neno bado hakuna aliyeifundisha.

Niko kwenye miezi ya majaribio, na ningeweza kunyamaza. Nilitamani kunyamaza, sikufichi. Lakini nikakumbuka ukuta wa zahanati, ulivyobomoa kozi nne za matofali kwa mikono yako kwa sababu mimi niliuacha uzi ukalegea, na hukumwambia mtu kosa ni la nani.

Nikauchukua ukurasa wangu nikaingia kwa Injinia.

"Kosa si la mzee," nikamwambia. "Ni langu."

"Si ulisema umejaribu?"

"Nilijaribu ndiyo, nikajaribu hapana. Bado sikuijaribu."

Akauvuta ukurasa, akausoma. Kisha akampigia simu mtu wa stoo. Mchana huo huo saruji ilikwenda Kurasini, na Mzee Mwinyi yupo mahali pake. Mimi nimeambiwa niandike kitabu chote upya toka ukurasa wa kwanza. Nikauliza, "Na ajira yangu?" Akasema, "Bado." Nikatoka nacheka, machozi yananitoka.

Nisalimie mama mdogo ambaye ndiye macho yangu huko nyumbani, bibi mzaa mama na tambuu yake, shangazi mwenye ukuta wetu, na kaka yangu anayekuchanganyia udongo sasa badala yangu.

Baba, kimya chako nilikuwa nakisoma kuwa hapana. Miaka miwili nimekisoma hivyo, sina tofauti na ile programu. Jumatano nilijiuliza kama nimekosea kusoma. Humu nimetia karatasi tupu na bahasha yenye stempu. Kama hujanisamehe sikulazimishi. Niandikie tu lile neno la Mzee Mwinyi. Nitalielewa, na nitaendelea kushika uzi.

Ni mimi, mshika timazi wako,
Somoe