Kusisitiza Ujumbe

Likoni, Jumatano

Kumbe shairi la Kijerumani tunalosoma darasani kwa tafsiri lina vina. Mfasiri aliviacha huko huko Ujerumani, na mizani hazilingani hata kwa mishororo miwili, lakini darasa langu zima limeandika kwamba vina na mizani vinaleta mahadhi matamu. Hongera kwangu, mwalimu wao.

Kila ubeti wa shairi unaisha na mke akiuliza kuhusu mumewe, "Amerudi?" Kwa nini anarudia? "Kusisitiza ujumbe," wamejibu wote, kama nilivyowakaririsha. Nimewapa alama.

Nikiwa nasahihisha, mama akauliza, "Babako karudi?" Nikamjibu bado. Baba tulimzika kabla ya Ramadhani.

Mama hasisitizi ujumbe wowote, wallahi. Alipouliza tena, nikamwambia yuko kivukoni, foleni ni ndefu.