Vikopo Nilivyovipangusa

Mjukuu wangu Neema,

Huku Igawa hatujambo, bibi yako anakusalimu. Umeniuliza kama umwambie mkuu wako kwamba umechanganya majina ya wagonjwa kwenye data za vinasaba. Sikia. Ujanani, mimi mwendesha baiskeli namba moja, nilibeba vikopo vya makohozi ya kupimwa kifua kikuu kutoka Madibira kupeleka hospitali. Kwa maringo nikavipangusa ving'ae, majina yote yakafutika! Nusura niyaandike kwa kubahatisha, ila nikamwambia nesi ukweli.

“Afadhali umesema, kijana,” akashusha pumzi. “Tungemtibu mzima, mgonjwa akafa.”

Nikarudi kuwaomba wagonjwa wakohoe upya. Walinizomea kweli, lakini nilipiga mluzi njia nzima. Mwambie leo, msomi wangu. Wewe una bahati, kompyuta haizomei.

Babu yako wa darasa la nne