Picha ya Jembe Hailimi

Mikumi, Kilosa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umekaa karibu na moto, maana najua Makete msimu huu hata mbwa hatoki nje bila sababu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Kaka Lusekelo akuletee, unaitumia, au umeifungia kabatini ukingoja siku goti litakapouma zaidi? Nakujua, Mama.

Mimi sijambo. Kikohozi cha vumbi kimekwisha na mvua za kwanza zimenyesha. Viazi vilifika salama, ila havikukaa. Niliacha mlango wa jiko wazi nikaenda bombani, nyani akaingia akachagua. Alichagua hasa, maana vidogo aliviacha. Nilimkuta juu ya paa la jirani anakula kiazi kibichi na kunitazama kama mimi ndiye niliyehamia hapa bila ruhusa. Vilivyobaki nimevila kwa maharage na nimekushukuru.

Umelalamika kwamba kwenye simu nasema "kazi nzuri, afya nzuri", kisha salio linaisha. Ni kweli. Ndiyo maana nakuandikia, na barua anakuletea kijana wa Mzee Sanga anayepita hapa na lori la mbao.

Kazi ya redio ni ile ile. Naizunguka wilaya: tembo wameingia kwenye mahindi, maji yamekata barabara, wakulima na wafugaji wanabishania njia ya ng'ombe. Watu hudhani mwandishi wa habari anakimbia siku nzima. Sehemu kubwa ya kazi ni kukaa kwenye benchi. Kiongozi anasema kikao ni saa tatu, na saa saba bado mnasikiliza feni. Kwenye mabenchi hayo ndiko nilikoanza kuchora, kwa peni ya bluu hii hii ninayokuandikia.

Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na kufuli lililokuwa mbele yangu kwenye mlango wa ofisi moja ya kata. Baadaye nikachora chupa ya chai, kandambili zilizovuliwa mlangoni, pasi ya mkaa, sufuria iliyozibwa tundu. Sichori watu, kwa sababu mtu akijua anachorwa anajipanga. Sufuria haijipangi. Peni nayo haina ufutio. Mstari ukikosea unakaa, na kazi yako ni kuutafutia shughuli. Wino ukijikusanya kwenye ncha naufuta kwa kitambaa, la sivyo unadondosha doa. Na kiganja kikitoka jasho, kama kinavyotoka huku, lazima niweke karatasi nyingine chini ya mkono.

Kinachonishika ni kimoja: kitu nilichokitumia miaka yote sikijui mpaka nikichore. Mama, jaribu hili. Bila kukitazama, mwambie Lusekelo mkono wa kikombe chako cha bati umeungwa wapi juu na wapi chini. Kisha mkitazame.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Nyumba ninayopanga tuna ua mmoja na Zuhura, fundi cherehani niliyekuambia ndiye aliyeshona lile gauni uliloliona Krismasi. Baba yake, Mzee Athumani, alifariki Ulaya. Ulaya hii ni kata ya wilaya hii hii, usije ukawaambia wenzako wa kwaya kwamba nimepanda ndege. Nilipanda bodaboda, na penye tope niliisukuma.

Zuhura aliniita kabla ya arobaini ya baba yake. Aliniambia nyumba na shamba vimegawanywa na masheikh kwa taratibu za dini, na hapo hana neno. Lakini ukoo wa baba yake una jambo lake la zamani. Vitu vya mkononi vya mwanamume, yaani jembe lake, panga lake, vile alivyovishika kila siku, haviendi kwa watoto wake. Vinarudi kwa watoto wa dada yake, kwa sababu wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto wa Mzee Athumani ni wa ukoo wa mama yake. Mpwa wake ndiye wa ukoo wake.

"Siku ya arobaini Rama atavibeba vyote," Zuhura alisema. "Sigombi. Ni haki yake. Lakini nataka nibaki na kitu cha baba, hata kama ni karatasi."

"Si upige picha kwa simu?"

"Simu yangu ya kwanza iliibiwa na picha zote za mama. Ya pili ilitumbukia chooni. Nichoree."

Alikuwa ameshamuuliza ustaadhi kama ni dhambi. Ustaadhi alimjibu kwamba kisicho na roho hakina tatizo. Nikaenda.

Nilikaa barazani, daftari langu la kuchorea juu ya ubao magotini. Jembe la Mzee Athumani lilikuwa limelika hadi kubaki mwezi mwembamba wa chuma. Redio yake ilikuwa na antena iliyotengenezwa kwa spoku ya baiskeli. Nilikuwa kwenye mpini wa jembe aliponijia mwanamume mwenye koti la mvua, akasimama kati yangu na mwanga. Huyo ndiye Ramadhani, mpwa wa marehemu, anayelima miwa Ruaha.

"Dada, wewe si ndiye wa redioni?"

"Ndiye."

"Sasa hapa unaripoti nini?"

"Jembe."

Hakucheka. "Tuambiane ukweli. Zuhura amekuleta uandikishe mali. Kesho kutwa tunaitwa mahakamani, tunaambiwa jembe moja, panga moja, redio moja, viko wapi."

Zuhura alisikia kutoka ndani. "Wewe Rama! Jembe limebaki kama kijiko cha uji, nikakushtakie? Hakimu si atanifukuza!"

"Watu wanashtakiana kwa kuku."

"Kuku anataga!"

Nimeshaambiwa natumwa na wengi katika kazi hii, kwa hiyo sikubishana. Nilimwambia akae aangalie, na akiona namba au saini popote aichane karatasi. Alikaa. Mwanzoni alikuwa analinda. Baada ya muda akawa anatazama. Kisha akasema, "Hapo umekosea."

"Wapi?"

"Mpini. Mjomba alikuwa wa kushoto. Pameliwa upande wa huku, si huko."

Nilichukua jembe nikapitisha kidole gumba. Alisema kweli. Mstari niliokuwa nimeuweka upande wa kulia haukufutika, nikaugeuza kivuli. Ramadhani alitikisa kichwa kama fundi aliyekubali kazi ya mwenzake kwa shingo upande, akaenda kukata kuni za shughuli.

Kilichobaki kilikuwa kibuyu. Kilining'inia kwenye msumari chumbani kwa mzee, nyuma ya mlango, cheusi kwa moshi na mikono. Zuhura aliishia kizingitini.

"Mimi nilikuwa nachapwa nikikisogelea," alisema. "Hata sasa sikigusi. Kichore hapo hapo kilipo."

Sikuuliza kwa nini. Nilipaswa kuuliza, ndiyo kazi yangu, lakini mkono ulishaanza. Weusi ule haukukubali mistari myepesi. Nilirudia na kurudia juu ya mistari hadi bega likauma. Ubavuni kilikuwa kimepasuka na kushonwa kwa nyuzi za ukindu, mishono midogo, iliyopanda kama ngazi. Nilipofika hapo Zuhura akasogea nyuma yangu.

"Kumbe kimeshonwa," alisema. "Nimekua na hiki kibuyu, na sikujua kimeshonwa."

Wino ulipokauka aliichukua hiyo picha kabla ya zote. Nyingine aliziacha mkekani.

Siku ya arobaini, baada ya dua na pilau, vitu vilitandazwa kwenye mkeka uani. Aliyeongoza ni Bi. Tausi, dada wa marehemu na mama yake Ramadhani, mwanamke mwembamba anayezungumza taratibu na watu wakanyamaza wenyewe. Nilimwamkia shikamoo. Aliitika marahaba na kuniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia Makete alisema, "Kwenye baridi. Basi una subira."

Ramadhani alipokea jembe, panga na redio. Kisha akaziona karatasi mikononi mwa Zuhura, akauliza, nusu utani, "Na hizi je? Si sura za vitu vya mjomba? Mbona zinabaki?"

Nilidhani watu watacheka yaishe. Walicheka, kisha wakalijadili, na sijakaa kwenye kikao cha wilaya kilichojadili jambo kwa makini vile.

"Picha ya jembe inalima?" mzee mmoja aliuliza.

"Hailimi."

"Basi hairithiwi."

"Mbona hati ya shamba nayo hailimi, na watu wanauana?" akasema mwingine.

"Hati ina muhuri. Hii ina muhuri?"

Wakanigeukia. Nikasema haina muhuri.

Bi. Tausi aliomba azione. Alizipitia moja moja. Kwenye jembe alisema, "Hapa wa kushoto kabisa," na Ramadhani akatazama pembeni kwa fahari. Akasema picha ni za Zuhura, kazi ya peni haina ukoo. Kisha akafika kwenye kibuyu, na sura yake ikabadilika.

"Hiki nani kaagiza kichorwe?"

"Mimi, Shangazi," Zuhura alisema.

"Hiki ndicho tunachotumia kuwamwagia maji wazee wetu waliotangulia, mvua ikikataa. Kilitoka kwa bibi yangu. Sura yake haikai nje ya ukoo."

"Mimi ni mtoto wake, Shangazi."

"Mtoto wake, ndiyo. Ukoo wako ni wa mama yako. Sijautengeneza mimi."

"Aliyenilea ni yeye."

Wanawake waliokuwa wanaosha sahani waliacha kuosha. Bi. Tausi alijibu, bila ukali, "Najua." Akaikunja ile picha, akaizungushia kibuyu, akafunga kwa kitambaa. Zuhura alizikusanya zilizobaki akazishika kifuani. Mimi nilikuwa nimechora bila kuuliza, na aliyelipia ni yeye. Aliponiomba njiani nikichore tena kwa kumbukumbu nilimkatalia. Neno lilishasemwa mbele yangu.

Bi. Tausi na Ramadhani waliondoka nasi hadi Mikumi, wakalala kwa Zuhura wakisubiri basi la kwenda Ruaha. Asubuhi nilikaa mlangoni kuchora mkasi wa Zuhura. Jua lilikuwa bado liko chini, linapiga karatasi kwa ubavu. Kwenye ukurasa mtupu uliokuwa chini ya ule wa kibuyu niliona shingo. Kisha tumbo. Kisha mishono. Peni ikikandamizwa huacha alama hadi kwenye ukurasa wa chini, na kwa weusi ule nilikuwa nimekandamiza mno. Kibuyu chote kilikuwa pale, bila tone la wino.

Zuhura alikuwa analeta chai. Akaona ninachokiona.

"Usichore hapo," alisema.

"Zuhura, neno limeshatoka."

"Nimelisikia." Akaweka chai chini, akachana ukurasa polepole.

Nilijiandaa kumwona anaingia nao chumbani kwake. Badala yake alivuka ua hadi kwenye kigoda alichokalia Bi. Tausi, kibuyu kimefungwa mapajani, akapiga goti.

"Shangazi, nimekuta hii. Sikutaka kuificha."

Bi. Tausi alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Mama, jioni iliyotangulia nilimwona anatunga uzi kwenye sindano bila msaada wa mtu, kwa hiyo sina wasiwasi na macho yake. Aliinamisha karatasi kulikokuwa na jua. Akaweka kidole kwenye shingo, akashuka nacho taratibu, akazunguka tumbo, akafika kwenye mishono na kuipitia mmoja mmoja.

Ramadhani akainama nyuma yake. "Mama, si ndicho kile—"

"Nyamaza, Rama." Kidole kilikuwa bado hapo. "Kaka alikidondosha tukiwa wadogo. Akalia, anaogopa kupigwa. Nikakishona mimi."

Akamrudishia Zuhura karatasi.

"Mimi sioni kitu hapa. Ni karatasi nyeupe. Iweke pasipo na unyevu."

Basi lilipopiga honi barabarani akainuka, akafungasha, wakaondoka.

Mama, tangu siku hiyo kuna swali linanizunguka, na wewe tu ndiye wa kuulizwa na kulijibu. Baba alipofariki nilikuwa bweni. Niliporudi, shoka lake, kofia ya sufu na kile kiti chake cha mianzi havikuwapo, na mimi sikuuliza. Vilikwenda kwa nani? Na nani aliamua? Sivitaki. Nataka kujua tu. Na kama kimoja bado kiko kwa mtu huko, niambie ni kwa nani, nikija nimwombe anikalishe mbele ya kitu hicho na peni yangu. Safari hii nitauliza kwanza.

Nisalimie Kaka Lusekelo na mke wake, mwambie mikanda ya cherehani aliyoagiza nimeipata. Nisalimie Shangazi Tumpe na umwambie simu yangu haijafa, ni mtandao. Msalimie Mzee Kinyunyu wa zamu ya maji, na wanakwaya wote waliosikia kwamba nipo Ulaya. Mdogo wangu Eliza mwambie ajibu ujumbe wangu, au nitasoma jina lake redioni.

Nakuombea goti jepesi na kuni kavu.

Mwanao anayekupenda,
Faines